Mgeni wa Chumba cha Bondeni

Siku mgeni alipofika, Ziada alikuwa juu ya ngazi, mdomo umejaa pini.

Hilo ni jambo la kawaida kwa mwanamke mwenye duka la mapazia. Watu wa Masasi walimjua vizuri: ukimwalika Mama Faidha kwako, usishangae akinyanyuka katikati ya chai akaenda kunyoosha kitambaa chako cha meza. Alikuwa na ugonjwa wa kunyoosha. Na sasa, baada ya miaka sita ya mumewe kujenga kidogo kidogo, alikuwa na nyumba nzima ya kunyoosha apendavyo. Ilikuwa nyumba ya kupumzikia mwisho wa wiki, juu kabisa Newala, pale uwanda unapokatika ghafla na bonde la Ruvuma kuonekana chini kwa mbali. Ijumaa jioni wangepanda kulikimbia joto la Masasi, Jumapili wangeshuka. Salmini, mumewe, muuza spea za pikipiki, alitaka kiti cha kuegemea na upepo tu. Ziada alitaka kila kitu.

Mwezi wa tatu lori la Kenta lilipandisha samani: makochi ya mninga, kabati la vyombo, vitanda vitatu, meza ya kioo, mazulia yaliyoviringishwa na kufungwa kamba. Chumba kimoja kilikuwa na dirisha kubwa linalotazama bondeni. Ziada alikipanga kiwe cha wageni, na ndicho alichokipenda kuliko vyote. Alikuwa humo akitundika pazia na kitambaa chepesi cha shela, saa sita mchana, jua limewaka, Salmini amekwenda sokoni na binti yao Faidha mwenye miaka saba, aliposikia sauti ya mwanamke mzee mlangoni.

"Hodi."

Sasa wewe ungefanya nini? Ziada alilelewa na bibi yake kule Chidya, mwanamke aliyeamini kwamba mtu asiyeitikia hodi hakufundwa kwao. Hakushuka, hakugeuka, hata pini hakuzitema. Mdomo uliitika wenyewe.

"Karibu mama, karibu ndani," alisema kupitia kwenye meno. "Pita, ukae. Hapa ni kwako. Nakuja sasa hivi."

Alisikia kandambili zikivuliwa kizingitini. Alisikia hatua taratibu za miguu mitupu zikipita sebuleni, zikaingia chumbani, kisha kitanda kipya nyuma yake kikalia kidogo na mtu akashusha pumzi ya kutua. Ziada akamalizia pini ya mwisho, akashuka akiwa ameshatabasamu. Chumbani hapakuwa na mtu. Barazani hapakuwa na mtu. Palikuwa na harufu tu, nzito na tamu, ya mabibo yaliyoiva mpaka yakaanza kuchacha, na Ziada akajiuliza nani amepata mabibo mwezi wa tatu, wakati korosho za mwaka uliopita zimeshauzwa na za mwaka huu hazijatoa hata ua. Akadhani ni jirani amekuja kuchungulia nyumba mpya, kisha akaona haya. Akarudi kwenye kazi yake.

Ijumaa iliyofuata walipofungua mlango, pazia la chumba cha bondeni lilikuwa limegeuzwa. Maua yake yalitazama nje, na upande wa nyuma wenye mishono ulitazama kitanda.

"Wewe mwenyewe ulichoka siku ile," Salmini alimwambia.

"Mimi? Mimi nitundike pazia kinyume?"

Alilisema kwa uchungu hasa, kama mtu aliyeambiwa hajui kupika ugali. Akalitundua, akaligeuza, akalinyoosha. Kisha akaona kile kiti cha kuegemea cha Salmini, ambacho walikiacha barazani, kimewekwa dirishani humo humo chumbani, na shuka la kitanda alilolitandika bila kunyanzi moja limebonyea katikati, na mto una shimo la kichwa. Milango yote walikuta imefungwa. Funguo zote zilikuwa kwenye mkoba wake.

Walimfuata Mzee Nikolao, jirani wa ng'ambo ya njia, ambaye waliomba awaangalizie nyumba siku ambazo hawapo. Walimkuta anapalilia chini ya mikorosho yake.

"Shikamoo, baba," Ziada alisema.

"Marahaba, mama. Nyumba mmeikuta salama?"

"Kuna mtu aliingia, baba?"

"Ntu hakuingia. Ningemwona, na nisingemwona mimi, mbwa wangu angesema." Mzee akaegemea jembe, akatazama upande wa nyumba yao. "Ila mbwa mwenyewe haendi tena upande ule. Tangu Jumapili mlipoondoka, akifika kwenye njia analala chini. Nkubwa yule, ana miaka tisa, sijawahi kumwona anaogopa kitu."

Salmini alicheka, lakini kicheko chake kilikwisha walipofungua mfuniko wa tangi. Kila mwenye nyumba Newala ana tangi la chini la kukingia maji ya mvua, na kila mmoja ana fimbo yake ya kupimia. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Fimbo ya Salmini ilitoka kavu kwa urefu wa mkono mzima zaidi ya wiki iliyopita. Mapazia hayakumhusu, mito haikumhusu, lakini maji ya Newala ni kitu kingine, na hapo ndipo alipoacha kutania.

Jioni hiyo, adhana ya magharibi ikiwa bado inasikika kutoka mjini, walisikia mtu anaoga. Walikuwa wote watatu sebuleni, Faidha amelala kwenye zulia anachora, na kutoka bafu la chumba cha bondeni ikaja sauti ya kata kugonga ndoo, maji kumwagika, kata tena, maji tena, na kikohozi kidogo cha mtu mzima anayesafisha koo. Salmini alikwenda. Alisukuma mlango wa bafu kwa ncha ya kidole, na Ziada aliyemfuata nyuma akaona sakafu imelowa, povu la sabuni bado linateleza taratibu kuelekea kwenye tundu la maji, na mvuke wenye harufu ya mabibo ukawapita usoni kama mtu anayewaomba njia.

"Mama Faidha," Salmini alinong'ona, "umeona kitu?"

"Sijaona."

"Na mimi sijaona."

Wakarudi sebuleni. Faidha alikuwa bado anachora, na hakuonekana kushangaa. Usiku huo walilala watatu kitanda kimoja, taa inawaka.

Ungesema wangeondoka asubuhi yake. Lakini mtu aliyejenga kwa miaka sita haondoki kwa sauti ya kata. Waliita shehe akasoma, wakashusha mazulia yaanikwe juani, wakarudi wiki iliyofuata na seti mpya ya vikombe. Wiki hiyo Faidha alishuka kwenye gari kabla halijasimama vizuri, akakimbilia moja kwa moja chumba cha bondeni, na Ziada alipomfuata na begi akamsikia anazungumza, ananyamaza, anacheka, anazungumza tena.

"Unaongea na nani, mwanangu?"

"Na bibi."

"Bibi gani?"

Mtoto alimtazama kama vile swali lenyewe ni la ajabu. "Huyu uliyemwambia hapa ni kwake."

Ziada aliweka begi chini. Maneno yale hakuwahi kumsimulia mtu. Alikuwa peke yake siku ile, juu ya ngazi, na Faidha alikuwa sokoni na baba yake. Akamshika mtoto mkono, akamtoa nje, na saa moja baadaye walikuwa barabarani wanashuka Masasi. Vikombe vipya vilibaki kwenye boksi.

Wakaapa hawapandi tena, na wiki mbili hawakupanda. Ni katika wiki hizo mbili Ziada alipojua hofu ni nini, kwa sababu yule mgeni hakuhitaji wao wapande. Faidha aliacha kula. Joto lilimpanda kila Ijumaa jioni, saa ile ile ambayo wangekuwa njiani, likashuka Jumapili. Walimpima malaria mara mbili, hakuna kitu. Alikaa kibarazani ametazama upande wa Newala, akiulizwa anasema anataka nyumbani, akiambiwa hapa ndiyo nyumbani anaitikia "ndiyo" kwa adabu, kama mtu asiyetaka kubishana na wenyeji wake. Na asubuhi ya Jumatatu ya pili akamwamkia Ziada shikamoo, vizuri kabisa kama alivyofundishwa, kisha akasema, "Naomba maji, shangazi."

Ziada alidhani ni utani. Akasubiri acheke. Mtoto alisubiri maji.

Alikwenda dukani akakaa nyuma ya majora ya vitambaa, akalia mpaka wateja wakajifanya hawakuja kununua kitu. Alikuwa na mtoto mmoja. Alimpata baada ya mimba mbili kuharibika, na alikuwa anampoteza akiwa hai, amekaa kwenye kibaraza chake, na adabu zake zote. Angalau ugonjwa una dawa. Na pale pale dukani, katikati ya harufu ya vitambaa vipya, harufu ya mabibo ikamfikia, ikakaa karibu naye kwenye benchi.

Ndiyo maana wakamfuata Bi Sijaona.

Bi Sijaona aliishi Nanganga, akiuza karanga na viazi kwa magari yanayopita, na kati ya gari na gari alitibu watu wenye majini. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye haraka, asiyependa mtu azunguke maneno. Walimchukua Jumamosi asubuhi, wakapanda naye Newala pamoja na mtoto. Njia nzima Faidha alikuwa anapata rangi usoni, na walipofika juu aliomba ndizi akala. Ziada alifurahi kumwona anakula, na furaha hiyo hiyo ikamtisha.

Bi Sijaona aliingia chumba cha bondeni peke yake. Hakuchoma ubani, hakupiga kelele. Alikaa kwenye ukingo wa kiti muda mrefu, kisha akatoka, akafunga mlango taratibu kama anavyofunga mtu aliyemwacha mwenzake amelala.

"Nani alimkaribisha?" aliuliza.

Ziada akainua mkono kidogo, kama mwanafunzi. Akasimulia ngazi, pini, hodi. Alipofika kwenye yale maneno, hapa ni kwako, Bi Sijaona alifumba macho.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, "mimi jini aliyeingia kwa nguvu namtoa kwa nguvu. Huyu hakuvunja kitu. Alipiga hodi mchana kweupe, akaambiwa apite, akapewa chumba na kitanda. Anakaa kwa haki. Nikimfukuza atakuwa amedhulumiwa, na akidhulumiwa atachukua fidia, na fidia yake mnaiona imekaa pale inakula ndizi."

"Kwa hiyo anakaa milele?" Salmini aliuliza.

"Mgeni haondoki? Anaondoka. Ila aondoke kama mgeni anavyoondoka. Apikiwe, aagwe, afungiwe cha kubeba, asindikizwe. Na amsindikize yuleyule aliyemkaribisha."

"Mpaka wapi?" Ziada aliuliza.

"Mpaka mwenyewe akuambie rudi. Wewe si unajua? Husemi wewe nimechoka narudi. Unatembea naye, unamsikiliza, akishasema rudi sasa, unageuka." Akamshika Ziada mkono, akaubana. "Nisikilize hapa. Furushi lake abebe mwenyewe. Usimpokee. Najua ulivyolelewa, na yeye anajua. Atalalamika, atajikwaa, atakuita mwanangu. Usimpokee. Kwa hesabu ya majini, njiani mwenye mzigo ndiye msafiri, na mwenye mikono mitupu ndiye mwenyeji anayerudi nyumbani. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

"Na huku nyuma mimi nitamshika mtoto. Simwachii."

Ziada alipika wali na kuku, akapeleka sahani chumba cha bondeni, akafunga mlango. Alipofungua, sahani ilikuwa safi. Kisha akatandaza kanga yake sakafuni, ile nyekundu ya Idi, akaweka korosho zilizobanguliwa, unga wa muhogo na kipande cha sabuni, akafunga furushi vizuri, ncha nne, mafundo mawili. Hata katika hofu ile alilinyoosha. Akaliweka kizingitini, akasema: "Mama, tunashukuru umetutembelea. Nakusindikiza."

Alipopepesa macho furushi halikuwepo.

Ilikuwa baada ya alasiri na ukungu ulikuwa umeanza kupanda kutoka bondeni, kama unavyofanya huko siku za mvua, ukiziba kwanza mikorosho ya mbali, kisha ya karibu. Mbele yake, hatua kumi hivi, Ziada aliona mgongo: shuka la kaniki, miguu mikavu yenye vumbi, na kanga yake nyekundu kichwani. Hakuona uso na hakutaka kuuona. Walipita uzio, wakapita shamba la Mzee Nikolao, wakashika njia ya zamani inayoshuka ukingo, ile ambayo wanawake wa Newala waliitumia kuteka maji bondeni kabla ya mabomba. Harufu ya mabibo ilikuwa imetangulia na imebaki nyuma pia.

"Kijumba chako kizuri," mgongo ulisema. Ilikuwa sauti ya hodi, sauti ya bibi yeyote. "Umekipamba vizuri. Mimi nilipenda lile dirisha."

"Ahsante, mama."

"Pazia tu. Ulilitundika kwa ajili ya walio ndani. Sisi wa nje hatukuona kitu."

Walishuka. Mawe yalikuwa yanateleza, na yule mwanamke mzee akajikwaa, furushi likayumba, na mikono ya Ziada ikanyanyuka yenyewe kabla hajaikamata na kuirudisha kifuani.

"Kizito, mwanangu," mgongo ulisema.

"Pole, mama."

"Nisaidie hata mpaka pale kwenye jiwe."

"Nisamehe, mama. Siwezi."

Alisema hivyo na aibu ikamchoma. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote, kwamba hata kwa jini aliona aibu. Wakashuka tena, ukungu ukafunga nyuma yao mpaka nyumba na mikorosho na ukingo wenyewe vikapotea, na mzee akaanza kuhema, pumzi fupi zenye mluzi, akijikwaa kila hatua ya tatu, akiomba kwa upole, bila hasira, kama anavyoomba mtu aliyezoea kunyimwa, na Ziada akahesabu kimoyomoyo majina ya vitambaa vya dukani kwake ili asisikie, mpaka mzee aliposimama, akashika kiuno, na kusema kwamba basi, kama mama mtu hawezi, yeye atamwita mjukuu wake, maana mjukuu wake hajawahi kumkatalia.

"Faidha," aliita. Hakuinua hata sauti.

Na huko juu, mbali, ndani ya ukungu, sauti ya mtoto ikaitika: "Abee, bibi. Naja."

Ziada alisikia kandambili ndogo zikipiga mawe, zikikimbia, zikiteleza, zinakaribia, kwenye njia ambayo mtu mzima alishuka kwa kushika matawi, na upande wake wa kushoto hapakuwa na kitu, palikuwa na bonde tu. Alijua alichoambiwa. Alijua kwamba Bi Sijaona amemshika mtoto mkono. Lakini aliisikia sauti ya mwanawe kwa masikio yake, na pumzi yake ya kukimbia, na jiwe likang'oka mahali fulani juu na kuporomoka, na hakuna mama aliyezaliwa ambaye angesimama pale akapima lipi ni kweli.

"Lete," alisema. "Lete, nakupokea. Mwambie arudi."

Furushi likatua kichwani mwake. Hatua za mtoto zikakoma papo hapo, kana kwamba hazijawahi kuwepo.

Mzee alinyooka. Alinyooka zaidi ya alivyopaswa kunyooka mtu wa umri wake, akajifuta mikono kwenye nguo, na nguo haikuwa kaniki tena, ilikuwa gauni la kitenge ambalo Ziada alilishona mwenyewe mwaka jana. Alipogeuka, Ziada aliuona uso anaouona kila asubuhi kwenye kioo.

"Mimi niishie hapa," yule mwanamke alisema, kwa sauti ya Ziada. "Nimekusindikiza vya kutosha. Ufike salama."

Akampita, akapanda njia kwa mwendo wa haraka, mikono mitupu.

Ziada alijaribu kulitupa furushi. Halikutoka. Alilivuta kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akajigonga kwenye mti, na lilikaa pale pale kwa uzito wa gunia. Akapiga kelele, na ukungu ukameza. Akapanda. Njia waliyoshuka kwa nusu saa aliipanda mpaka jua likakaribia kuzama, na miguu aliyoiona chini yake ilikuwa mikavu na yenye vumbi.

Gari lilikuwa limewashwa nje ya nyumba. Salmini anapakia mabegi. Yule mwanamke anafunga mlango, anajaribu kitasa mara mbili kama Ziada anavyojaribu. Na Faidha, Faidha aliyekuwa hali wala hachezi, alikuwa anaruka ruka pembeni yake na andazi mkononi, anasema, "Mama, tukifika nitaoga mimi kwanza. Mama, unasikia? Mama."

"Nasikia, mwanangu."

Salmini alikuwa anamwambia mkewe kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo: "Na mtoto hakutoka hata hatua moja. Bi Sijaona alimshika mkono muda wote. Katikati hapo akaitika abee peke yake, basi. Akatulia."

Kisha akamwona mwanamke mzee amesimama njiani na furushi. "Shikamoo, mama," alisema kwa upole. "Safari ya wapi jioni yote hii?"

Ziada alifungua mdomo. Alitaka kusema Salmini, ni mimi. Alitaka kusema usiwashe gari, usiingie naye ndani ya gari. Maneno yake mwenyewe yaligoma, yakakaa kooni, na yaliyotoka ni yale tu ambayo mpita njia huyasema.

"Marahaba, baba. Naenda huko mbele."

Bi Sijaona alitoka barazani na kikapu chake. Alisimama. Pua yake ilicheza, akamtazama yule mwanamke aliyefunga mlango, kisha akageuza kichwa taratibu akamtazama mzee wa njiani, na kanga nyekundu kichwani mwake, na mafundo mawili yaliyonyooshwa. Uso wake ulikunjamana. Mkono ukaenda mdomoni. Ziada alimtazama kwa macho yote aliyonayo, akimwomba, na Bi Sijaona, aliyejua kila kinachowezekana na kisichowezekana kwa hesabu yao, akatikisa kichwa mara moja, akainama, akaingia kwenye gari akilia bila sauti.

Hapo Faidha akamwona mgeni wa njiani. Akameza andazi, akafuta mkono kwenye gauni, akaja mbio, kwa sababu ndivyo alivyolelewa na mama yake, ambaye alilelewa hivyo na bibi yake wa Chidya. Alisimama mbele ya Ziada, karibu kiasi cha kuguswa. Mashavu yake yalikuwa yamejaa. Macho yake yalikuwa mazima.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu," Ziada alisema. Hilo aliweza kulisema, maana kila mzee humwita kila mtoto hivyo.

Faidha akatazama furushi, akanyoosha mikono yote miwili juu. "Kizito? Lete nikupokee."

Na furushi, ambalo halikutikisika njia nzima, likawa jepesi ghafla. Likaachia. Ziada alilihisi linateleza lenyewe kwenye paji la uso, linaelekea kwenye ile mikono midogo, na nyuma ya mtoto aliona mlango wa gari ulio wazi, na nafasi ya mbele karibu na mumewe. Akalishika kwa nguvu zake zote, akalirudisha kichwani, na uzito ukashuka tena mpaka shingo ikalia.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Si kizito. Nenda kwa mama yako, anakuita."